Balbu Isiyochoma

Mpima ardhi alikuwa mtu wa kusaidia kabla hajaombwa. Mkewe, aliyeishi naye miaka kumi na minne, aliiita tabia hiyo kiherehere. Marafiki zake wa kambini walimwita Bwana Taa, maana tangu balbu za LED zijae madukani hakuwa na hadithi nyingine. Siku za kazi alipima viwanja na mipaka ya watu, na siku za mapumziko alikwenda na wenzake watatu kupiga kambi msituni, mwendo wa dakika arobaini kutoka nyumbani. Zamani walikuwa wakibeba betri ya gari, nzito kama mzigo wa adhabu, ili kuwasha balbu mbili za moto, na kabla hawajamaliza kula betri ilikuwa imekata roho. Sasa alikuwa na taa ya kichwa nyepesi kama kiberiti, taa ya kuning'iniza hemani, na utepe wa vitaa vidogo aliouzungushia meza ya kupikia. "Siku tatu bila kuchaji," alimwambia yeyote aliyekosea akasimama karibu naye.

Wiki ile alikuwa amemaliza kubadilisha taa zote za nyumbani. Jikoni, barazani, bafuni, hata ile ya stoo ambayo huwashwa mara mbili kwa mwaka. Ilibaki balbu moja tu ya zamani, nayo haikuwa yake. Ilikuwa ndani ya sanduku la mbao, chumbani kwa mama mkwe.

Mama mkwe alihamia kwao baada ya mumewe kufariki. Alikuja na mabegi mawili, cherehani, na bata bukini wawili, dume na jike, mabaki ya kundi ambalo marehemu alilifuga maisha yake yote. Jike alitaga, akaatamia, na siku ya tisa alipotoka kiotani kunywa maji, mbwa wa kuzurura wakamuua. Mama hakulia mbele ya watu. Aliyafunga mayai kwenye sweta lake, akatafuta sanduku, akalitoboa matundu, akaweka bakuli la maji, kipimajoto na balbu ya wati sitini. Mayai yalikuwa tisa. Tangu hapo aliyageuza kwa mkono wake mwenyewe, na alipotaka kuhakikisha joto alichukua yai moja, akaligusisha kwenye ukope, akanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza.

Siku ya ishirini na mbili ilibidi asafiri kwenda kutolewa mtoto wa jicho. Ilikuwa Ijumaa. Teksi ilikuwa nje ikimsubiri, naye bado amesimama mbele ya sanduku.

"Baba," alimwambia mkwewe, "sina la kukuagiza kubwa. Yageuzeni mayai asubuhi na jioni. Maji yasikauke. Na hii balbu ina umri, naogopa isije ikaungua nikiwa mbali. Ikiungua, kuna mbili kwenye droo."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nenda kaone vizuri."

Maneno ya mama kuhusu balbu ndiyo yaliyomkaa kichwani mpima ardhi. Mama anaogopa balbu itaungua. Mtu mzima anakwenda kupasuliwa jicho huku moyo wake ameuacha kwenye kipande cha kioo. Na yeye, Bwana Taa, ana katoni nzima ya balbu zinazodumu miaka kumi.

Jumamosi asubuhi, saa moja, mkewe alikuwa ameshaondoka. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, zamu yake ikiisha jioni. Mpima ardhi aliyageuza mayai, akaongeza maji, kisha akaizima balbu ya mama, akaifungua kwa kitambaa kwa sababu ilichoma, na kuweka ya LED. Sanduku likang'aa hadi kwenye pembe zake. Alitazama kipimajoto: thelathini na saba na nusu, kama kilivyotakiwa. Akatabasamu. Kisha, ili mama asije akapata kishawishi cha kurudia mambo ya kale, aliichukua ile aliyoitoa na zile mbili za kwenye droo, akazitia pamoja na balbu nyingine za zamani kwenye katoni ya takataka. Gari la taka lilipita saa mbili. Saa tatu Kinyozi, mmoja wa wale wenzake watatu, alimpitia kwa pikipiki, wakaenda kambini.

Saa saba mchana hema zilikuwa zimesimama. Kinyozi, ambaye kila safari alijifanya hajawahi kusikia habari za LED ili amchokoze mwenzake, aliishika ile taa ya kuning'iniza.

"Hii inawaka kweli, au inajifanya?"

"Imewaka tangu tufike," mpima ardhi alisema. "Iguse. Ishike kabisa kiganjani. Ile ya zamani ingekubabua. Hii haina joto, umeme wote unakwenda kwenye mwanga. Haichomi hata—"

 Aliikodolea macho taa iliyokuwa mkononi mwa mwenzake.

"Hata nini?" Kinyozi aliuliza.

Mpima ardhi hakusikia.  Akilini alikiona kipimajoto kikisoma thelathini na saba na nusu. Bila shaka kilisoma hivyo. Sanduku lilikuwa bado na joto la balbu aliyoitoa dakika mbili kabla. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Alihesabu kwa vidole hadi akafika saa saba, akaviangalia vidole vyenyewe kama vya mtu mwingine.

"Nirudishe nyumbani," alisema. "Nimeyazimia moto mayai ya mama mkwe."

Kinyozi alikuwa mtu wa mzaha, lakini alikuwa pia na mama mkwe. Alichukua kofia zao za pikipiki.

Njiani mpima ardhi alimpigia mkewe mara nne. Simu iliita hadi ikachoka. Wauguzi wa upasuaji huacha simu kabatini. Nyumba ilikuwa imefungwa na funguo zilikuwa mfukoni mwake, zikimchoma paja kila walipopita kwenye shimo. Alijaribu kuomba, akakuta hajui aanzie wapi. Kila alipofumba macho alimwona mama akiligusisha yai kwenye ukope. Aliwaza pia jambo ambalo hakupenda kuliwaza: kwamba yule mama aliletwa kwao akiwa na vitu vitano tu vya kushika, na kimoja tayari mbwa walikula.

Chumba cha mama kilikuwa kimya, na sanduku liking'aa vizuri sana. Kipimajoto kilionyesha ishirini na saba. Alichukua yai, akaligusisha kwenye ukope wake kama alivyomwona mama akifanya. Lilikuwa na ubaridi wa jiwe la kivulini.

"Yamekufa?" Kinyozi aliuliza mlangoni.

"Sijui. Bandika maji."

Walijaza chupa nne maji ya moto, wakazifunga taulo, wakazipanga pembeni mwa sanduku. Mshale wa kipimajoto ukaanza kupanda kwa unyonge. Ulipofika thelathini na tatu wakaona chupa zinapoa, wakazibadilisha. Kwa namna hiyo wangeweza kwenda saa mbili au tatu, lakini si siku nane.

"Kaa hapa," mpima ardhi alimwambia mwenzake. "Yasipite thelathini na nane. Nakwenda kutafuta balbu."

"Mimi nimezoea vichwa."

"Fikiria ni vichwa."

Duka la kwanza la vifaa vya umeme lilikuwa na ukuta mzima wa balbu. Dada muuzaji alimsikiliza, akatabasamu kama mtu aliyeombwa mafuta ya kibatari. "Hizo hatuleti tena, kaka. Hakuna anayezitaka. Chukua hizi, hazichomi."

"Nataka inayochoma."

"Basi subiri ije shoti," alisema, akamgeukia mteja mwingine.

Duka la pili mzee mmoja alimtolea balbu yenye mwanga wa manjano, umbo lilelile la zamani. Mpima ardhi moyo ulimruka, hadi aliposoma ubavuni: LED. Manjano ilikuwa ya rangi tu. Duka la tatu lilikuwa limefungwa. La nne walikuwa na balbu moja ya zamani kwenye dirisha, imewekwa pale kama pambo. Alipoitikisa, waya wake ulilia ndani kama punje ya mchanga. Ilikuwa saa tisa na nusu. Kinyozi alipiga simu kusema maji ya moto yako sawa ila mikono yake haiko sawa, na kwamba mayai hayasemi kitu.

Ndipo alipomkumbuka fundi redio.

Kibanda cha fundi kilikuwa nyuma ya stendi ya teksi, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Juu ya meza, kwenye kipande cha ubao, ilisimama balbu moja ya wati sitini yenye doa la rangi nyekundu kichwani. Ilikuwa imewaka kwa unyonge, na mbele yake redio ndogo ikikoroma. Mpima ardhi aliitazama kama mtu aliyemwona ndugu yake aliyepotea.

"Fundi, naomba hiyo balbu."

"Hiyo si ya kuuza," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Hiyo ndiyo mlinzi wangu. Redio yenye shoti nikiichomeka moja kwa moja, inaungua na mimi naungua. Umeme nikiupitishia kwenye balbu kwanza, balbu inabeba matusi yote na redio inapona. Na hizo za LED zenu haziwezi kazi hii. Nimebaki na moja."

"Nina mayai tisa ya bata bukini, siku ya ishirini na tatu. Nilitoa balbu ya moto nikaweka ya LED."

Fundi aliweka chini koleo lake. "Kwa makusudi?"

"Kwa wema."

"Mayai ya nani?"

"Ya mama mkwe."

Fundi alizima swichi, akaipulizia balbu ipoe, akaifungua na kumkabidhi. Mpima ardhi alipokuwa ameshafika nje ndipo alipomsikia akisema nyuma yake, "Nitashona vitambaa vya spika mpaka uirudishe."

Saa kumi na moja jioni kipimajoto kilikuwa kimerudi mahali pake. Kinyozi alikuwa amekaa sakafuni, suruali imelowa, akilitazama sanduku kwa uso wa mtu aliyebatizwa kwenye dini asiyoielewa. Alikataa chai. Alisema hema ziko peke yake msituni na wale wenzao wawili hawaaminiki na chakula, akaondoka.

Muuguzi aliporudi alikuta mumewe ameketi pale pale. Alisimuliwa yote. Hakupiga kelele. Aliketi kitandani kwa mama yake, akavua viatu, akavishika mapajani.

"Nilikuambia kiherehere kitakuua," alisema. "Sikujua kitaanza na bata."

"Nimwambie leo?"

"Ana bendeji jichoni na wamemkataza kulia. Kesho."

Kwenye saa moja usiku simu iliita. Mama aliongea na binti yake habari za daktari, kisha akamwomba mkwewe. "Watoto wangu hawajambo?"

Mpima ardhi alitazama kipimajoto. "Joto ni thelathini na saba na nusu, mama."

"Mungu akuweke," mama alisema, akakata.

Mpima ardhi aliirudisha simu kwa mkewe. Hakuwa amesema uongo, na hilo ndilo lililomtesa. Alijua sasa jinsi mtu anavyoweza kusimama juu ya ukweli akajificha nyuma yake.

Jumapili saa sita mchana teksi ilimshusha mama, jicho la kulia limefunikwa pamba. La kushoto nalo lilikuwa na ukungu wake, zamu yake haijafika. Mpima ardhi alimwamkia, akapokea begi, akafungua kinywa. Mama alikuwa ameshampita. Alinawa mikono, akaingia chumbani kwa kupapasa ukuta, akainua kifuniko, akachukua yai na kuligusisha kwenye ukope wa jicho zima. Alitulia. Kisha aliinamisha uso karibu na balbu.

"Hii ina doa jekundu," alisema. "Balbu yangu haina doa. Iliungua?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa umefunguliwa mbele yake, mpana kabisa, na aliyeufungua ni mama mwenyewe. Angesema ndiyo, iliungua, nikaweka nyingine. Muuguzi, aliyesimama mlangoni, aliangalia chini.

"Hapana, mama. Niliitoa mimi. Niliweka ya LED nikijua itakuondolea wasiwasi wa kuungua. Sikufikiri kwamba haina joto. Na zile za akiba nilizitupa. Mayai yalikaa baridi."

"Kwa saa ngapi?"

"Karibu saba. Jana. Na uliponipigia simu sikukuambia."

Mama alirudisha yai mahali pake kwa uangalifu uleule. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, mikono juu ya magoti. Nje dume la bata lilikuwa likiita, mara moja, kisha tena. Mpima ardhi alihisi kwamba akitukanwa angepona, lakini hakuna aliyemtukana.  Aliwaza kuwa sasa atasikia neno la kufunga mabegi.

"Funga mapazia," mama alisema hatimaye. "Na ulete taa yako ya kambini. Ile ya kichwani."

Chumba kikawa na giza la kutosha. Mama aliliinua yai la kwanza, naye mpima ardhi akaliwekea taa kwa chini. Ule mwanga mweupe ulipenya ganda hadi yai zima likawa jekundu kama kiganja kilichoshikiliwa mbele ya jua. Tochi alizozoea mama kumulikia mayai hazikuwahi kuonyesha hivi. Lakini mama mwenyewe hakuona.

"Mimi naona wekundu tu," alisema. "Jicho langu ni wewe. Unaona nini?"

"Kuna weusi mkubwa. Na mishipa, kama mizizi." Alisubiri, amezuia pumzi. Weusi ule ulijisogeza, polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini. "Amesogea, mama."

"Weka. Lingine."

La pili lilisogea. La tatu weusi ulikuwa umelala upande mmoja, na pale palipopaswa kuwa na mishipa palikuwa na uchafu wa kahawia. Alilizungusha. Alilisubiri kuliko alivyoyasubiri mengine. Kichwani alisikia sauti yake mwenyewe ikisema huyu pia amesogea, na nani angejua?

"Mbona kimya?" mama aliuliza.

"Nadhani labda—"

"Sema unachokiona, baba. Usiseme unachokitaka."

"Hasogei. Mishipa imevunjika. Amekufa."

Mama alinyosha mkono, akalipokea, akalifunika kwa viganja viwili kwa muda, kisha akaliweka kando kwenye sweta. Wakaendelea. Walipomaliza, matano yalikuwa hai, matatu yalikuwa kwenye sweta, na moja mpima ardhi hakuweza kuliamulia. Mama alilichora alama ya penseli na kulirudisha kwenye joto.

"Marehemu mume wangu," alisema mama huku muuguzi akifungua mapazia, "mwaka wetu wa pili aliziba matundu ya sanduku usiku wa baridi, ili mayai yasipigwe na upepo. Kumi na manne yakakosa hewa. Aliniambia ni panya aliyezima taa. Miaka arobaini na moja tumekaa, na kila panya aliyepita nyumbani alinikumbusha kwamba hakukuwa na panya." Alijifuta jicho zima kwa ncha ya kidole. "Ningemsamehe siku ileile. Hakunipa nafasi."

Hakusema kama amemsamehe mpima ardhi. Mpima ardhi naye hakuuliza. Siku zilizofuata alikwenda kazini na kipimajoto kichwani. Akipima mpaka wa mtu alijikuta ameandika thelathini na saba na nusu mahali pa urefu wa ukuta. Asubuhi na jioni mama alimwita, wakageuza mayai pamoja, yeye akiinua na mama akihesabu. Umeme ulikatika mara moja, Jumatano, robo saa tu, na robo saa hiyo yeye na muuguzi walisimama na birika la moto mkononi kama watu wa zimamoto.

Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, yai moja lilipata ufa. Hawakulisaidia, mama alikataza mtu asiguse. Hadi Jumatatu jioni vifaranga wanne walikuwa wametoka, wamelowa, wabaya wa sura, wakilia kwa sauti kubwa kuliko miili yao. Wa tano alitoboa ganda, akachoka, akafia humo humo. Lile la alama ya penseli halikufanya kitu. Mama alisubiri siku mbili zaidi, kisha akalizika uani pamoja na yale matatu na yule wa tano, na mpima ardhi ndiye aliyechimba.

Wanne kati ya tisa. Alipokuwa akisawazisha udongo kwa jembe alisema, bila kumtazama mtu, "Wangekuwa tisa, mama."

"Wangekuwa," mama alikubali. Hakumpunguzia hata mmoja. Kisha alishika bega lake ili ainuke, kwa maana magoti yalimuuma, na akauacha mkono pale begani hadi walipofika mlangoni.

Baada ya wiki tatu zamu ya jicho la pili nayo ikafika. Vifaranga walikuwa bado wanalala sandukuni siku za baridi. Teksi ilikuwa nje. Mama aliagiza majani yakatwe madogo, maji yawe ya kina kifupi wasizame, na sanduku lisikae penye upepo.

"Na mimi sikai mbali," mpima ardhi alisema. "Nimeomba ruhusa kazini."

"Vizuri," mama alisema. Alipanda teksi, akafunga mlango, kisha akashusha kioo. "Baba."

"Naam, mama."

"Usiboreshe kitu."

Gari liliondoka. Mpima ardhi alisimama kidogo barabarani, kisha akaenda kukata majani.